Meno ya Fundi Bisibisi

Watu wanamwita mume wangu Fundi Bisibisi, nami kwa kosa la kuolewa naye nimekuwa Mama Bisibisi. Sijawahi kuipenda lakabu hiyo. Nina jina zuri nililopewa na bibi yangu, lakini ukiuliza nyumba yangu kwa jina hilo utazunguka mtaa huu mpaka soli ziishe. Uliza kwa Mama Bisibisi, mtu yeyote atakuleta mpaka mlangoni.

Bisibisi yenyewe ina urefu wa kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na mpini wake wa mbao umekuwa mweusi kwa mafuta ya miaka arobaini. Hafungulii skrubu nayo hata moja. Ni ya kusikilizia. Ncha anaigusisha kwenye mwili wa injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia ndani kuna nini. Ringi zimechoka. Vali haikai. Bushi imekula upande mmoja. Injini ikifunguliwa, mambo ni yaleyale aliyoyasema.

Injini zenyewe ni za dizeli, za zamani, zile zisizokwenda popote. Zimefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege: silinda moja, gurudumu zito la chuma ubavuni, pipa la maji ya kupoozea nje ya dirisha. Zinazungusha mashine za kusaga, pampu za maji, misumeno ya mbao. Nyingi zina umri mkubwa kuliko wangu, na waliozitengeneza waliacha zamani kutoa vipuri vyake. Kwa hiyo mzee akikosa kipuri hukitunga mwenyewe. Ringi huchukua za lori, akazisugua kwa tupa mpaka zikubali. Gasketi huzikata kwenye karatasi ngumu, na anazikata kwa mkasi wangu wa kushonea, kisha ananiuliza kwa nini siku hizi kitambaa changu kinachanika kingo.

Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani. Upande wa pili wa baraza ni wake, na mpaka wetu hauheshimiwi. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta sufuria yangu kubwa iko jikoni, mafuta yanachemka. Moyo ukanifurahi. Nikasema leo mzee kanionea huruma, kanipikia. Nafunua kifuniko, beringi mbili zinaogelea. Alikuwa anazipasha moto zitanuke ili zipite kwenye shafti. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne akaniletea sufuria mpya, na ile ya zamani akaichukua jumla jumla, akaitundika kwenye msumari wake.

Nampenda. Nalisema mapema ili msije mkadhani namsengenya. Mto wetu wa kulalia unanuka dizeli, na akisafiri siku mbili kwenda kutengeneza pampu ya watu, silali vizuri mpaka nikimbilie ule upande wake wa mto.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kinaniuma kwelikweli. Mume wangu alikuwa hanisikilizi. Sisemi habari ya kunitii, hiyo nilishakata tamaa. Nasema kusikiliza. Nikimsemesha ana kwa ana ananijibu vizuri, lakini akinipa mgongo tu, nimekuwa ukuta. Nitaeleza habari ndefu ya mteja aliyenisumbua, nikifika mwisho nageuka kungoja neno lake, yeye kainama anafuta nozeli. Wakati huohuo akija mtu kulalamika kwamba injini yake inagonga, mzee anachukua bisibisi, anakwenda, anarudi na jibu. Masikio ya kusikia kipuri cha ukubwa wa kidole kinacholia ndani ya chuma anayo. Ya kumsikia mkewe hana. Miaka saba nilikaa na donge hilo. Binti yetu, ambaye ameolewa na anakuja kututembelea kila mwisho wa mwezi, alikuwa ananicheka.

"Mama, labda na wewe ugonge kidogo."

Basi, ndipo lilipokuja hili la meno. Meno ya nyuma alishayamaliza. Mbele yalikuwa yamebaki manne, mawili juu na mawili chini, nayo yakaanza kuuma. Shavu likavimba. Akajikaza kisabuni, mpaka nikamkokota kwa daktari wa meno. Daktari akayagusa moja moja, yote yakacheza. Akatuambia mizizi imeoza na usaha uko ndani ya taya. Yasipotoka wiki hii, sumu itaingia kwenye damu, na hapo si habari ya meno tena.

"Nitafikiria," mzee akasema, akasimama, akatoka.

Nilimkejeli njia nzima. Mtu anayenyanyua kichwa cha injini peke yake anaogopa koleo la daktari! Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia, na nikamwambia mbele ya majirani ili imwingie. Siku tatu zikapita. Shavu likazidi, homa ikaanza, na kila asubuhi anatoka na bisibisi yake kama mtu mzima wa afya.

Siku ya nne nilimpelekea supu kazini, maana kutafuna kulikuwa kumekwisha. Alikuwa kwenye kiwanda kidogo cha mbao, ambacho msumeno wake unaendeshwa na injini ya rika lake. Mwenye kiwanda alikuwa nje anapakia mbao. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Injini inaunguruma, vumbi la mbao limejaa, na mume wangu amesimama ameinama. Ncha ya bisibisi iko kwenye ubavu wa injini. Mpini hauko sikioni. Mpini uko mdomoni. Ameuuma kwa yale meno manne mabovu, ameukaza, na machozi ya maumivu yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nilisimama pale na supu yangu. Baadaye akazima injini, kukawa kimya kabisa. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu. Nikamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo nikilitumia huwa ananikaripia. Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa, taratibu, hana hili wala lile.

Nikaiweka supu chini.

Alipogeuka na kuniona, hakuhitaji kuambiwa. Alinitazama mdomoni, nikatambua kwamba siku zote alikuwa ananitazama hapo, si machoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"La kulia miaka saba. La kushoto lilifuata." Akakaa juu ya gogo. "Ni makelele ya hizi injini, mke wangu. Zimekula masikio yangu kidogo kidogo. Lakini nikiuma mpini, sauti inapita kwenye meno, inaingia kichwani. Naisikia beringi, naisikia vali, nasikia kila kitu."

"Na mimi je?"

Akafikiri. "Wewe siwezi kukuuma."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamkasirikia, yote kwa mkupuo. Miaka saba nimemnunia mtu asiyesikia hata kununa kwangu! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ukimwambia mke umeuambia mtaa. Sikubishana naye sana katika hilo, mnanijua.

"Wakijua sisikii, nani atanipa injini yake?" akasema. "Fundi wa injini asiyesikia ni mshonaji asiyeona. Na haya meno yaking'oka, ndiyo basi. Nitakaa barazani niwe nahesabu wapita njia."

Niliona anachokiogopa, na hakikuwa koleo. Lakini shavu lilikuwa jekundu na mkono wake una moto. Nikamshika uso ili anisome vizuri. Nikamwambia heri nikae na fundi kiziwi barazani kuliko fundi hodari kaburini. Mambo ya injini tutayatazama akiwa hai. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nisimwambie mtu. Nikaapa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo vizuri, lakini siku ile ningeapa chochote.

Yaling'olewa yote manne kesho yake. Homa ikashuka, uvimbe ukaisha, na akaanza kula ndizi za kuponda kwa furaha ya mtoto. Siku ya tano nikamkuta barazani, ameinama juu ya cherehani yangu, mguu wake unakanyaga pedali na bisibisi ameikandamiza kwenye ufizi. Akajaribu mfupa wa shavu. Akajaribu paji la uso, na nyuma ya sikio. Akaiweka chini.

"Nasikia kishindo tu," akasema. "Kinatoka wapi, sijui."

Daktari alikuwa amemwambia angoje miezi mitatu ufizi ukauke ndipo apate meno ya bandia. Na meno ya bandia yanakaa juu ya nyama, hayashikani na mfupa. Mzee alilijua hilo kabla ya daktari kumaliza kusema.

Wiki mbili baadaye Mama Unga akatuma mtu. Mama Unga ndiye mwenye mashine ya kusaga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na injini yake mume wangu ameihudumia tangu mimi na yeye tukiwa wasichana. Injini inagonga, akasema aliyetumwa. Ko, ko, ko. Nikashika mtandio wangu.

"Unakwenda wapi?" mzee akaniuliza.

"Nakwenda na wewe."

"Fundi gani anatembea na mkewe kama mkoba?"

Akaenda peke yake. Yaliyotokea huko niliyasikia kwa Mama Unga jioni, aliposimama mlangoni pangu na unga kwenye nyusi. Mzee alifika, watu wamejaa na ndoo zao za nafaka. Akaiweka bisibisi sikioni kama zamani, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa maarifa, akatangaza: beringi ya konrodi. Hicho ndicho chuma kirefu kinachoifunga pistoni kwenye shafti ya chini, na injini inayogonga mara nyingi huwa imeumwa hapo. Alikuwa amebahatisha. Akafungua, na nina hakika alipoipitishia kidole gumba ile beringi alijua ni nzima, maana vidole vyake havina ugonjwa. Lakini watu walikuwa wanatazama. Basi akatoa moja ya vile vibati vyembamba vinavyokaa katikati ya vipande vya beringi, ambavyo fundi hutoa ili kuibana beringi iliyolegea. Hii haikuwa imelegea. Akaibana iliyobanika. Injini ikawaka, ikasaga madebe mawili, ikaanza kutoa moshi mahali ambapo hautakiwi moshi, na kugonga kuko palepale.

"Mama, sitaki kumvunjia mzee heshima," Mama Unga akaniambia, akijitahidi kunong'ona. "Amenitendea mema mengi. Lakini watu wanarudi na nafaka zao, na wengine wana watoto. Kesho namwita yule fundi wa ng'ambo ya mto."

Ulimi ulinisimama mdomoni na siri juu yake. Nikamwomba ampe mzee mpaka kesho saa sita. Ikifika saa sita injini haijapona, amwite huyo wa ng'ambo ya mto na sisi hatutakuwa na neno. Akakubali, ila hakunitazama vizuri.

Mzee alikuwa amekaa uani kwenye kopo la mafuta lililopinduliwa. Nikaenda mbele yake.

"Nimeidanganya injini," akasema kabla sijafungua mdomo. "Miaka arobaini sijawahi kuweka mkono mahali pazima nikasema pabovu."

"Kesho twende wote."

"Watanicheka."

"Leo hawakukucheka, na umeiunguza injini ya mtu. Chagua."

Akaingia ndani kulala. Lakini asubuhi, nilipotoka na mtandio wangu, nikamkuta amesimama njiani ananingoja, bisibisi mkononi, mpini ameuelekeza kwangu.

Tulipofika kwa Mama Unga, kwanza alitengeneza uharibifu wake. Akaifungua ile beringi, akakwangua pale ilipoungua mpaka pakang'aa sawasawa, akakirudisha kibati alichokitoa. Hiyo kazi aliifanya bila kuinua kichwa. Kisha akachukua chaki, akachora maduara matano kwenye mwili wa injini, akaniambia namna tutakavyofanya. Nitagusisha bisibisi kwenye kila duara, sikio langu kwenye mpini, na mkono wangu wa kushoto utashika kiwiko chake. Mlio wa kugonga ukiwa mbali, nimshike kidogo. Ukiwa karibu, nimbane.

"Usijali jina la sauti," akasema. "Wewe niambie iko wapi tu."

Akazungusha mpini wa kuwashia, injini ikakohoa, ikashika. Watu wa ndoo wakasogea. "Leo fundi ni mama?" mmoja akasema, wengine wakacheka. Mzee hakusikia. Mimi nilisikia kwa ajili yetu sote wawili, nikapiga moyo konde.

Sijui niwaeleze vipi kilichomo ndani ya ile bisibisi. Ukiwa nje unasikia ngurumo moja tu. Ukiweka sikio kwenye mpini, ni nyumba yenye vyumba, na kila chumba kina mtu anayefanya kazi yake. Nikaelewa kwa nini alikuwa anafumba macho. Duara la kwanza lilikuwa kwenye mlango wa konrodi, pale alipobahatisha jana: ko, ko, lakini kwa mbali, kwa jirani. Nikamshika kidogo. La pili na la tatu, kwenye silinda, palikuwa na pumzi na milio midogo ya vali. La nne, mbali zaidi. Duara la tano lilikuwa mwisho wa shafti, karibu na lile gurudumu zito. Nilipogusisha tu, KO! ikanipiga sikioni nikaruka. Nikakibana kiwiko chake mpaka kucha zikaingia.

Akafumbua macho.

Alizima injini, akalishika gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa mbele na nyuma. Lilicheza. Kidogo sana, unene wa unywele, lakini shafti ilikuwa imetulia na gurudumu linacheza juu yake. Akanionyesha kwa kidole. Kuna kipande cha chuma, kirefu kama kidole cha kati, kinachopigiliwa kati ya gurudumu na shafti ili viende pamoja. Kilikuwa kimelika. Gurudumu legevu hulia sawasawa na konrodi mbovu, akaniambia, na mafundi wenye masikio mazima wamefungua injini nzima kwa kosa hilo. Alisema hivyo kwa sauti ya kunifundisha, na uso wake ulikuwa umerudi mahali pake.

Akakitoa kile kipande kwa kabari na nyundo. Kipya hakipatikani dukani. Akatafuta pande la chuma kigumu, akalibana kwenye jiliwa, akaanza kupiga tupa. Anasugua, anapaka masizi, anaingiza, anatoa, anatazama masizi yamefutika wapi, anasugua hapo. Mara thelathini, pengine zaidi. Mama Unga alikuwa anatazama saa ya ukutani, kisha akaacha, akawa anatazama mikono. Ilipokaribia saa sita kipande kikaingia, akakipigilia, nyundo ya mwisho ikalia tofauti na za kwanza. Hiyo niliisikia bila kufundishwa.

Injini ikawaka. Nikaweka sikio kwenye mpini, duara la tano. Pumzi tu. Nikayazunguka yote. Nikamtikisia kichwa: haipo. Akanitazama mdomoni kuhakikisha, nikasema, "Haipo, mume wangu."

Mkanda ukatiwa, kinu kikaanza kula nafaka, watu wakapiga vigelegele. Mama Unga akaja nyuma ya mzee mikono imefunguliwa.

"Fundi! Nilijua! Nilijua masikio yako hayawezi kunitupa!"

Mzee alikuwa ameinama anakusanya tupa zake. Hakugeuka. Mama Unga akarudia, kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde, na watu wakaanza kutazamana. Nikakumbuka kiapo. Nikafungua mdomo nimjibie, niseme mzee amechoka, mzee ana homa ya meno. Yeye akaniona nafungua mdomo, akafuata macho yangu, akageuka.

Akawatazama wote. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Umesema nini, mama?" akamuuliza Mama Unga. "Simama mbele yangu ndiyo useme. Mimi sisikii."

Hakuna aliyecheka.

"Sisikii, mwaka wa saba huu. Jana nilibahatisha kwa kuona aibu, nikakuunguzia injini, unisamehe. Leo aliyesikia ni huyu hapa." Akanigusa bega kwa mkono wenye masizi, kwenye gauni langu jeupe, na kwa mara ya kwanza sikumkaripia.

Mama Unga alisimama akimtazama. Kisha akazunguka akaja mbele yake, karibu kabisa, akafungua mdomo wake mkubwa, akasema polepole kama anayemlisha mtoto:

"Kaka yangu ana pampu bondeni. Inagonga. Mtakuja lini?"

Mume wangu alinigeukia, macho kwenye midomo yangu, anangoja.

"Jumanne," nikasema. "Jumatatu nina nguo za watu."